Kadi Yenye Jina la Mlima

Shemeji yangu ndiye aliyevunja kitufe cha kuwashia kompyuta. Alikuja kutusalimia Krismasi, akataka kuwaonyesha majirani picha za harusi yetu, akakibonyeza kitufe kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kupasua kuni. Kikazama ndani ya boksi na hakikutoka tena. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na kompyuta ile ya mezani ndiyo iliyobeba mitihani yangu na alama za wanafunzi wangu, nami nilishachoka na watu kuishikashika. Nyumba yetu iko kilomita chache kutoka Kabanga, mji ulio mpakani na Burundi, na kila mwenye barua ya kuchapa alijua kwamba kwa mwalimu kuna mashine.

Ningeweza kununua kitufe kingine. Mtu mwenye akili zake angefanya hivyo. Ila mimi nina ugonjwa wangu, kitu kidogo siwezi kukitengeneza kwa njia ndogo. Nikaagiza kutoka Dar kifaa cha kusoma kadi, vile vinavyofungwa kwenye milango ya maofisi na mahoteli. Huchomeki kadi popote wala huipitishi kwenye mfereji. Unaisogeza karibu tu, umbali wa vidole vinne hivi, kifaa kinalia tii, taa inakuwa ya kijani, mlango unafunguka. Mimi sikuwa na mlango wa kufungua. Nilichukua waya mbili zilizokuwa zikienda kwenye kitufe kile kilichozama, nikaziunga kwenye kifaa, kikawa ndicho kinachobonyeza badala ya kidole. Kadi inayojulikana ikikaribia, kompyuta inawaka. Kadi ngeni ikikaribia, taa inakuwa nyekundu na kifaa kinalia mara tatu kwa ukali.

Kompyuta ya mezani hata ukiizima haizimiki kabisa. Kuna umeme kidogo unaobaki macho ndani yake, ukisubiri. Nilikuwa napenda kuwaeleza wanafunzi jambo hilo, na walikuwa wanapenda kulisikia.

Nyumba yetu ina mlango mmoja, unaotokea barazani. Meza ya kompyuta iko sebuleni, hatua mbili kutoka mlangoni, kwa hiyo nikakifunga kifaa kwenye fremu ya mlango upande wa baraza, usawa wa kifua. Nikirudi kutoka kazini nagusisha kadi kabla sijavua viatu, na mpaka nimekaa mashine imeshawaka. Nilijiona mjanja sana. Niliwaita walimu wenzangu waje waone. Mke wangu, anayeuza vitenge sokoni Kabanga na ambaye ulimi wake haujawahi kupata kutu, alisimama barazani mikono kiunoni akakitazama kifaa.

"Haya, mwalimu. Umegeuza nyumba kuwa benki," alisema. "Bado mlinzi tu."

Kifaa kilikuja na kadi tano nyeupe, tupu, ukubwa wa kitambulisho. Moja nikaichukua mimi, moja nikampa yeye. Tatu zikabaki kwenye droo, na laiti ningeziacha humo.

Mama yangu anaishi katika kijumba cha uani, hatua ishirini kutoka kwetu. Alikuja nchi hii kwa miguu akitokea Burundi, mimi nikiwa mgongoni mwake, sijatimiza miaka miwili. Baba alibaki njiani. Ndivyo nilivyoambiwa tangu utotoni, kwa maneno hayo matatu, na namna mama alivyokuwa akiyatamka ilinifundisha nisiongeze swali. Tulikaa kambini chini ya turubai, halafu mama akatoka kwenda kupalilia maharage ya familia moja ya Wahangaza, wenyeji wa huku. Lugha yao na yetu ni ndugu, kwa hiyo walielewana siku hiyo hiyo, na baada ya misimu michache wakampa mahali pa kujenga. Mimi nimekulia upande huu, nimesomea upande huu, kitambulisho changu kiko kwenye pochi na sijawahi kukitoa kwa kutetemeka.

Mwaka juzi mama alianza kupotea. Mwanzoni alipoteza vitu, ufunguo, kisu, jina la mke wangu. Halafu akaanza kujipoteza mwenyewe. Siku moja wabadilisha fedha wa Kabanga walimkuta amekaa kati ya mabasi akiuliza njia ya kwenda kisimani, na bahati yetu ni kwamba mmoja wao alinifahamu akanipigia. Hospitali walisema ni uzee unaokula kumbukumbu, dawa yake hakuna, tumwangalie asitoke peke yake, na tumvalishe kitu chenye namba ya simu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu moja tu ambayo haijaniacha mpaka leo, kwamba siku moja mama atatoka nje ya uzio na hatarudi.

Kitu chenye namba ya simu. Nikafungua droo.

Kwenye kompyuta nilikuwa na mfano wa kitambulisho cha wanafunzi wetu, maana kazi ya kuvitengeneza pale shuleni nilitupiwa mimi. Nikaondoa jina la shule. Nikaweka picha ya mama aliyopigwa siku ya harusi yetu, jina lake, kijiji chetu, namba yangu na ya mke wangu. Ikabaki nafasi moja chini kabisa, Mahali pa Kuzaliwa. Ningeweza kuifuta. Lakini mimi ni mtu wa kusahihisha karatasi, na nafasi iliyoachwa wazi huniwasha mwilini. Nikaandika jina la mlima wao. Kule kwao watu hutajana kwa milima, mlima ndio kijiji na ndio ukoo. Nikachapa kwenye karatasi ya kunata, nikaibandika juu ya ile kadi nyeupe vizuri bila kiputo, nikaitia kamba ya shingoni. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimefurahishwa na kazi yangu, nikaiingiza kadi ya mama kwenye kifaa ili nayo ijulikane.

Nilimkuta barazani kwake akipepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje," alijibu, akiniita mwanangu kwa Kirundi.

Nikamvalisha. Akaigeuza, akaanza kuisoma kwa kidole, herufi moja moja, alivyofundishwa katekisimu. Jina lake alilipita. Kijiji akakipita. Alipofika mstari wa chini kidole kikasimama.

"Nani alikwambia hii?"

"Wewe mwenyewe, mama. Nilipokuwa shule ya msingi, tulipojaza fomu."

"Nilikwambia," alisema. "Sikukwambia uandike."

Nilicheka kidogo, kama mtu anavyocheka na mzee. Nikamshika mkono mpaka mlangoni kwetu, nikamwonyesha. Nikaisogeza kadi, kifaa kikalia tii, taa ya kijani, na huko ndani mashine ikaanza kuvuma. Mama akarudi nyuma akanishika shati.

"Amekubali?"

"Kimekubali, mama. Sasa na wewe ni mtu wa ofisi."

Akaingia ameinamisha kichwa, akapita viti vyote, akakaa sakafuni karibu na ukuta.

Kuanzia siku hiyo mama hakuwahi kuvuka mlango wetu bila kusimama. Kila asubuhi alikuja kunywa uji. Anafika barazani, anasogeza kitenge, anaishika kadi kwa mikono miwili, anaiinua mbele ya kifaa na kungoja. Kikilia anasema asante, kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta, ndipo anaingia. Mlango uko wazi, sisi tuko ndani tunamwona, tunamwita karibu mama, yeye anangoja mlio. Mke wangu aliwasimulia wateja wake na wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilijiambia kwamba mzee wangu amejifunza teknolojia kuliko walimu wenzangu wengine.

Tatizo ni kwamba kitufe cha kompyuta, kikibonyezwa wakati mashine inafanya kazi, huizima. Hilo nililijua na sikulifikiria. Jumamosi moja nilikuwa natunga mtihani wa kidato cha nne, nimefika swali la mwisho, sijahifadhi chochote, mama akafika barazani na kuonyesha kadi. Tii. Skrini ikawa nyeusi.

"Mama!" nilipiga kelele. "Umefanya nini?"

Alikuwa ameshakaa chini. Hakuanguka, alijikunja mwenyewe, goti baada ya goti, mikono yote miwili imeifunika ile kadi kifuani. Nikaenda kumwinua. Alikuwa mwepesi sana. Nilimwomba radhi, nikamletea uji barazani, akaunywa nusu. Nilijisikia vibaya siku ile nzima, lakini vibaya kwa sababu ya kumpigia mama kelele. Zaidi ya hapo sikuona kitu.

Kesho yake mstari wa chini wa kadi ulikuwa umekwanguliwa. Alitumia wembe. Jina la mlima lilibaki vipande vipande, mengine yote hayakuguswa, hata picha.

"Mama, mbona umeiharibu?"

"Wasiisome."

"Kifaa hakisomi maandishi. Ndani ya kadi kuna namba, kinasoma namba tu."

"Namba ya nani?"

"Ya kadi."

Alinitazama kwa huruma, mimi na diploma yangu. "Na vijana?" akauliza.

"Vijana gani?"

Akaigeuza kadi, maandishi yakaangalia kifua. Hapo ndipo nilipopaswa kuketi, kuweka madaftari kando na kuuliza polepole mpaka anijibu. Nilikuwa na madaftari ya mikondo miwili ya kusahihisha. Badala ya kuuliza niliingia ndani, nikachapa karatasi nyingine, na mwalimu mimi, asiyeweza kuona mstari umeharibika akauacha, nikaandika mlima ule ule mahali pale pale nikabandika upya.

Mke wangu alishaacha kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa anashinda na mama siku zisizo za soko, na aliona mambo ambayo mimi sikuyaona. Mama alianza kumshika mkono barazani na kumnong'oneza, una kadi? Asipomwonyesha, mama anamvuta nyuma asiingie nyumbani mwake mwenyewe. Mgeni akija, mama anakaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuangalia mikono yake. Halafu mke wangu alikuta chini ya kitanda cha mama unga wa muhogo umefungwa kwenye kitambaa, na chumvi, na kiberiti.

"Mwalimu, mvue mama ile kadi," aliniambia tukila chakula cha mchana. "Haimpendezi."

"Ile ni kwa usalama wake. Akipotea watatupigia."

"Mbona tangu umvalishe anafunga mizigo?"

Nikamjibu kwamba uzee ndivyo ulivyo. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia darasani ninapoulizwa swali nisilolijua. Mke wangu anaifahamu sauti hiyo, akaendelea kula bila kunitazama.

Ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alikwenda Kabanga alfajiri, mimi nikaenda shule baada ya kumwachia mama uji mezani na mlango wazi. Jirani yetu, mama mmoja Mhangaza tuliyemwomba awe anachungulia, alinipigia nikiwa katika kipindi cha nne.

"Mwalimu, mama yako amesimama mlangoni kwako tangu umeondoka. Mlango uko wazi, haingii. Nimemwambia ingia bibi, anasema hajajibiwa."

"Mwambie aingie tu. Mshike mkono."

"Nimemshika, amenisukuma. Nimeacha kitu jikoni, ngoja nirudi tena."

Niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda. Nilipofika uani palikuwa kimya. Jirani alikuwa amesimama barazani na kitambaa cha jikoni mkononi, analia, anasema amegeuka kidogo tu. Kadi ya mama ilikuwa chini, mbele ya kizingiti. Nikaiokota nikaisogeza kwenye kifaa. Kimya. Nikaisogeza tena mpaka ikagusa. Hakuna tii, hakuna kijani, hata ile nyekundu ya kukataa haikuwaka. Nikaiinua kwenye jua.

Mama alikuwa ameukwangua mlima mara ya pili, na safari hii si kwa wembe. Alitumia kisu cha kumenyea ndizi. Alikuwa amekata karatasi yangu, amekata plastiki, amefika ndani ambako kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Waya huo ndio unaopokea umeme wa kifaa na kukijibu. Ukikatika sehemu moja tu, kadi haisemi tena. Fizikia ya kidato cha tatu. Nilielewa yote kwa mara moja, nimesimama pale na kadi mkononi. Alifuta jina la mlima ili apite, na kwa kulifuta akaiua kadi. Alisimama saa tatu nzima mbele ya mlango ulio wazi akingoja ruhusa ya kitu kisichojua kwamba yupo.

Kijumbani kwake mfuko wa unga haukuwepo. Mto wa kulalia nao haukuwepo, na kitenge kimoja.

Tulimtafuta. Mke wangu alifunga meza yake akauliza kwa wabadilisha fedha, akauliza mabasi yote, akaenda mpaka kwenye geti la mpaka, hakuna aliyemwona. Mimi nilikwenda barabarani kwa bodaboda nikarudi. Jua lilikuwa limeshapita utosini nilipoanza kufikiri kama mwanawe badala ya kufikiri kama mwalimu. Mtu aliyekimbia kutoka ng'ambo haelekei mpakani, anauacha mpaka mgongoni. Na barabarani hapiti, kwa sababu barabarani kuna vizuizi. Nikashuka bondeni kupitia migombani, nimeshika fimbo kwa ajili ya nyoka, nikaanza kufuata kijito.

Nilimkuta saa kumi, mwisho wa shamba la maharage, mahali matete yanapoanza. Alikuwa amechuchumaa, miguu ina matope mpaka magotini. Mgongoni alikuwa amebeba mto wake, ameufunga kwa kitenge sawasawa, na anajitikisa polepole kuutuliza.

"Mama," nilisema.

Akainua uso. Aliniona, lakini hakuniona mimi. Aliona mwanamume mwenye fimbo, shati limechomekewa, na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, maana nilikuwa sijakivua. Akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi.

"Sina kadi, bwana. Kadi yangu imekataa."

"Mama, ni mimi."

"Huyu mtoto hana kosa. Hata maziwa hajaacha." Akageuka kidogo ili niuone mto. "Baba yake anayo kadi. Ameshawapa vijana wenzako wa kizuizini, wanaisoma. Yeye alitaka tupite huku kwenye matete. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimechoka, mtoto alikuwa analia. Nilimwambia, onyesha kadi tu, sisi hatuna ubaya na mtu, onyesha tupite. Akaonyesha. Wakasoma mlima, wakamweka upande wa pili wa barabara."

Alisema yote hayo kwa sauti ya heshima, ya mtu anayejieleza ofisini. Miaka yote ile alikuwa ameyabeba, tangu mimi niko mgongoni mwake, na aliyekuja kuyasikia ni yule aliyeketi mezani akaandika mlima huo huo, mara mbili, kwa herufi kubwa. Niliitupa fimbo. Nilivua kitambulisho changu nikakitia mfukoni. Nililia mbele yake na haikusaidia kitu, alizidi kuniogopa, akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye matete na maji.

Nikafuta uso. Nikasema neno moja nililoona linaweza kumzuia.

"Pita."

Hakuamini. "Mimi na mtoto?"

"Wewe na mtoto."

"Na yeye?"

Mimi si mwongo mwepesi, uongo wangu huwa unaonekana. Lakini huo ulitoka mzima.

"Yeye ameshapita. Yuko mbele."

Mama alifumba macho kidogo. Kisha akakaza kitenge, akainuka, akanipita bila kunitazama, akaanza kupanda mlima kurudi kwetu. Nilimfuata nyuma. Alikuwa anatembea kwa haraka kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka mingi, na mimi kwa ujinga wangu nilifurahi.

Kifaa nilikifungua siku hiyo hiyo kabla ya kula. Nikaunga waya zangu kwenye swichi ndogo ya kengele ya mlango, nikaipachika chini ya meza. Mtu yeyote sasa anaweza kuwasha kompyuta yangu, awashe tu. Kadi mbili zilizobaki nilizikata kwa mkasi. Ya mama nimeihifadhi, sijui kwa nini, siwezi kuitupa na siwezi kuitazama.

Kwenye fremu yamebaki matundu manne ya skrubu. Niliyaziba nikapaka rangi, lakini mama anajua yalipo. Kila asubuhi anafika, anasimama, anainua mikono miwili ambayo haina kitu, anangoja. Hakuna kinacholia. Kwa hiyo mimi huamka mapema, nakaa karibu na mlango, na akisimama namwambia pita. Nikichelewa kusema, anaanza kujikunja, goti baada ya goti. Siku ninazoondoka mapema mke wangu ndiye anayesema. Yeye hakusahau ile kauli yake kwamba bado mlinzi tu. Aliirudia mara moja, akilia, akaomba nimsamehe.

Na kila asubuhi, akishavuka, mama huuliza, na yeye? Nami nimeshasema mara ya kwanza, siwezi kusema kingine. Ameshapita, mama. Yuko mbele.

Nilidhani nimempa faraja. Ilichukua wiki mbili kuelewa nilichompa. Mtu akiwa mbele, unamfuata. Sasa mama hanywi uji wake mpaka mwisho. Mto uko mgongoni tangu asubuhi, unga umefungwa, na swali limeongezeka, nimfuate? Zamani alikuwa anapotea, anatoka bila kujua anakwenda wapi, na anakuwa karibu. Siku hizi anajua anakwenda kwa nani. Mke wangu anasema nimwambie ukweli, kwamba baba hakupita. Nimejaribu, nikafungua kinywa, nikaona jinsi alivyoniangalia, nikafunga. Nikimwambia hivyo, aliyemwambia baba aonyeshe kadi ni yeye mama, na atalisikia upya kila siku, kwa maana kila siku atakuwa amesahau kwamba alishalilia.

Kwa hiyo natafuta sababu. Bado, mama, mtoto amelala. Bado, mama, jua kali. Bado, mama, wamesema tusubiri. Ile ya mwisho sikuirudia, kwa sababu aliposikia "wamesema" alikaa sakafuni kutwa nzima.

Leo asubuhi sababu ziliniishia. Alisimama mlangoni, mto mgongoni, akauliza, nikasema la kwanza lililonijia.

"Bado, mama. Mvua."

Ni kiangazi. Vumbi la barabarani limefunika migomba mpaka imekuwa ya kahawia, na mbingu ilikuwa tupu kabisa. Mama aliitazama mbingu. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu, akinipima. Kisha akanyoosha mkono nje ya mlango, kiganja juu, akangoja, akaurudisha ukiwa mkavu na kuupangusa kwenye kitenge.

"Ndiyo, bwana," alisema. "Inanyesha."